Vyaelea Vimeundwa, Waundaji ni Wangapi?

Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Mithali hii twaisema kila siku, na watoto wetu huijua tangu darasa la kwanza. Walakini ni wachache waulizao swali lifuatalo nyuma yake: vimeundwa na nani, nao waundaji hao ni wangapi? Leo twataka kulishika swali hilo wala tusiliachilie mpaka litujibu. Twaona ya kwamba katika nchi yetu, na hasa pande hizi za Ngara na Biharamulo, watu hulijibu kwa njia mbili, na njia zote mbili ni za upotevu.

Ingia katika duka lo lote hapa Nyakisasa, utazame rafu toka juu mpaka chini. Utaona sabuni, kiberiti, misumari, daftari, sufuria, jembe, shati la shule. Kila kitu hapo kimepita katika mikono ya watu. Yuko aliyepika sabuni, yuko aliyeikata vipande, yuko aliyeifunga katika karatasi. Hao ndio wafanyakazi wa uzalishaji. Mwenye kiwanda si mmoja wao, wala karani wake, wala mlinzi wa lango, wala dereva apelekaye mali sokoni. Mzalishaji ni yule ambaye mkono wake, au mashine aiongozayo, hugeuza kitu kibichi kikawa chombo cha kutumiwa. Sasa ondoa katika rafu ile kila kitu kilichotengenezwa nje ya wilaya yetu, kisha utazame tena. Utabaki ukitazama mbao, tena huenda mbao zenyewe zilipasuliwa kwingine. Mshahara wa kila mtu aliyeunda vitu vile hulipwa na sisi wanunuzi, nao huliwa mbali na kwetu.

Njia ya kwanza ya upotevu ni ya wenye kejeli. Wasomaji watakumbuka ya kuwa baada ya mwaka 2015 serikali ilitangaza shauri la kuifanya Tanzania nchi ya viwanda. Waziri wa viwanda wa wakati ule alisema ya kwamba hata vyerehani vinne ni kiwanda. Nchi nzima ikacheka. Walicheka mijini, wakacheka vijijini, wakacheka hata watu waliokuwa wamevaa nguo zilizoshonwa kwa cherehani kimoja tu.

Sisi twasema kicheko kile hakikuwa na msingi. Sera ya viwanda vidogo na biashara ndogo, iliyotolewa mwaka 2003, yasema wazi: mahali penye watu 1 mpaka 4 ni kiwanda kidogo sana; watu 5 mpaka 49, kiwanda kidogo; watu 50 mpaka 99, cha kati; na watu 100 na zaidi, kiwanda kikubwa. Basi waziri hakubuni neno jipya. Tena mwaka 2013 vilihesabiwa viwanda vya Tanzania Bara, vikaonekana 49,243. Katika kila 100, vipatavyo 85 vilikuwa na watu wasiozidi 4. Mwanafunzi wa darasa la sita na achukue kalamu apige hesabu. Atapata viwanda karibu 41,900 vya namna hiyo. Kwa hiyo mtu achekaye kiwanda cha watu wanne amevicheka karibu viwanda vyote vya nchi yake, na jasho la watu waliomo.

Kilichochekwa hasa ni kazi yenyewe: kuketi na kukanyaga cherehani, kusimama mbele ya tanuri, kuinamia randa. Watu wetu wengi wamejifunza kuwaheshimu wanaotia sahihi na kuwadharau wanaotia msumari. Nao hudhani ya kuwa dharau hiyo ni dalili ya kustaarabika.

Na wajue ya kwamba kazi hii si ngeni kwetu. Huko Katuruka, karibu na Maruku upande wa Bukoba, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma ambazo umri wake ni karibu miaka 2,000. Warongo, wafua chuma wa upande wa Uzinza, walifua majembe yaliyochukuliwa mpaka Unyamwezi, na katika nchi nyingi za pande hizi jembe lilitolewa hata katika mahari. Tanuri moja ilitaka watu wengi. Wako waliochimba udongo wa chuma, wako waliokata miti na kuchoma makaa, wako waliofinyanga mirija ya kupitishia pumzi, wako waliovukuta mivukuto kwa zamu, tena yuko mfuaji aliyejua kwa rangi ya moto kama chuma ki tayari. Hicho kilikuwa kiwanda, kilikuwa na mgawanyo wa kazi, na kilikuwa na wanagenzi. Kisha likaja jembe la ng'ambo, kwanza kwa meli, halafu kwa reli, tena kwa bei ndogo. Tanuri zikazimika. Leo wapita njia huyakuta mavi ya chuma shambani wasijue ya kwamba wamekanyaga ushahidi wa kazi ya babu zao.

Baada ya uhuru tulijaribu kuiwasha upya kazi hiyo kwa namna nyingine. Kufuata Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilishika njia kuu za uzalishaji na kujenga viwanda vikubwa. Mwaka 1968 kilifunguliwa kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam, kwa msaada wa China. Kikaja kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, na kiwanda cha matairi cha Arusha. Maelfu ya vijana waliacha jembe wakajifunza kufuma, kuyeyusha na kusubu. Lakini vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula fedha nyingi, fedha za kigeni zikawa adimu, vipuri havikupatikana, mashine zikasimama. Tangu 1992 tume iliundwa ya kurekebisha mashirika ya umma, na viwanda vingi vikauzwa. Vingine viliendelea, vingine vikageuzwa maghala ya kuwekea mali zilizotengenezwa nje. Kiwanda cha matairi kilisimama mwaka 2009.

Twayataja haya kwa sababu moja. Kiwanda kikubwa kikifa, jengo hubaki na mashine huenda zikauzwa, lakini ujuzi uliokuwa mikononi mwa wafanyakazi hutawanyika, na mwenye ujuzi akizeeka bila mwanagenzi, amezikwa nao. Mahali penye karakana nyingi ndogo, ujuzi una pa kukimbilia. Aliyefukuzwa kiwandani hufungua kibanda chake, akachukua vijana wawili, na kazi ikaendelea. Mtu adharauye karakana ndogo hubomoa ghala hilo la ujuzi kabla njaa haijaja.

Njia ya pili ya upotevu ni ya wahesabu mapaa. Mwishoni mwa 2017 kila mkoa uliagizwa kujenga viwanda 100. Shauri lilikuwa jema, nasi hatulipingi. Lakini tazama lilivyohesabiwa. Mashine ya kusaga unga yenye mtu mmoja, ambayo husaga siku za soko tu, ni kiwanda. Kiwanda cha sukari chenye mamia ya watu nacho ni kiwanda. Katika daftari ya mhesabuji kila kimoja kilipata alama moja. Kwa hesabu ya namna hii wilaya yaweza kujisifu kwa alama nyingi, na huku vijana wake wameketi barazani tangu asubuhi mpaka jioni.

Hivyo twawalaumu wenye kejeli kwa kuidharau kazi, na wahesabu mapaa twawalaumu kwa kumsahau mfanyakazi. Mkejeli aliona cherehani akacheka. Mhesabuji aliona cherehani akaandika "1" akaenda zake. Wala huyu wala yule hakumwuliza mshonaji maswali yaliyo ya lazima: Mko wangapi hapa? Mwafanya kazi miezi mingapi katika mwaka? Mwapata nini? Nanyi mwamfundisha nani? Tena hesabu hiyo huwapita wanawake wengi. Mama afumaye vikapu na majamvi, mama atengenezaye togwa au pombe ya ndizi kwa kuuza, huandikwa "mkulima" au "mama wa nyumbani", kana kwamba kile kikapu kiliota shambani.

Wenzetu wa nchi za viwanda hawafanyi hivyo. Marekani huhesabu watu wa viwandani kila mwezi. Kwa hesabu hiyo wajua ya kwamba mwaka 1979 walikuwa na watu zaidi ya milioni 19 viwandani, na ya kuwa miaka ya karibuni wamekuwa kama milioni 13. Tena katika hao milioni 13 wajua ya kuwa kama milioni 9 ni watu wa uzalishaji wenyewe na wenzao wasio wasimamizi. Twajifunza hapo mambo mawili. La kwanza, hata katika nchi iliyojaa mashine, walio wengi kiwandani ni wale wanaoshika kazi kwa mikono. La pili, nchi ikijua hesabu ya watu wake yaweza kuona mapema mahali kazi inapopungua, ikatafuta dawa. Nchi ihesabuyo mapaa huona msiba baada ya matanga.

Sasa tuseme juu ya magunia. Sisi watu wa Kagera ni wakulima wa kahawa. Ikichumwa, kahawa hutaka kuanikwa, kukobolewa, kuchambuliwa madaraja, kukaangwa, kusagwa, kufungwa katika makopo na kubandikwa jina. Kila hatua ni kazi ya watu. Lakini sehemu kubwa mno ya kahawa ya Tanzania husafirishwa nje ikiwa mbichi, haijakaangwa. Pamba nayo, kwa sehemu kubwa, hutoka nchini haijasokotwa kuwa uzi. Mkulima hudhani ameuza gunia la kahawa. Kwa kweli ameuza pamoja nalo kazi ya mkaangaji, ya msagaji na ya mfungaji. Kazi hizo zimesafiri ndani ya gunia, na mwanawe ambaye angezifanya amebaki nyumbani. Wala mtu asiseme ya kwamba jambo hili haliwezekani Kagera. Kiwanda cha kahawa cha Tanica kimesimama Bukoba tangu miaka ya 1960, na kahawa yake hunywewa humu nchini. Basi tatizo si kwamba hatuwezi; ni kwamba baada ya kuweza mara moja tuliridhika.

Twaogopa yasije yakatokea yayo hayo katika madini. Kabanga, humu humu wilayani Ngara, kuna nikeli nyingi. Mwezi wa Januari mwaka 2021 serikali ilitia sahihi mapatano na kampuni, ikapata hisa 16 katika kila 100, na shauri lililotangazwa lilikuwa kuchimba Kabanga na kusafisha madini Kahama. Kahama ni Tanzania, nasi hatuna wivu na ndugu zetu wa Kahama. Afadhali madini yasafishwe huko kuliko yapelekwe ng'ambo yakiwa udongo. Lakini twauliza, na swali letu ni la haki: katika watu watakaoshika mitambo, watakaochomelea, watakaopima madini katika maabara, wa kutoka Ngara watakuwa wangapi? Watu hawaokotwi siku ya kufungua mgodi. Fundi mchomeleaji hufundishwa miaka, na mpimaji wa maabara huanzia katika darasa la kemia lenye vifaa. Wilaya isipoanza mapema itatoa wafagizi na walinzi, kisha itanung'unika ya kuwa wageni wamechukua kazi.

Hapo ndipo tufikapo shuleni. Mwaka 2023 sera ya elimu ilirekebishwa, na baada yake elimu ya sekondari ikagawanywa mikondo miwili, wa jumla na wa amali, ili mwanafunzi aweze kujifunza ufundi pamoja na masomo. Tumewasikia wazazi wakisema, "Mwanangu ana akili, asipelekwe amali." Maneno haya ni mabaya kuliko yaonekanavyo. Maana yake ufundi ni wa wasio na akili. Tumpeleke basi mtu asiye na akili atengeneze breki za lori linaloteremka kutoka Rusumo! Tumpe asiye na akili aunge nyaya za umeme wa hospitali! Mtu hatayakubali hayo hata kidogo. Kwa usalama wake ataka fundi mwenye akili nyingi, ila kwa mtoto wake ataka kiti. Na viti havitoshi. Ofisi moja ikitangaza nafasi chache, vijana wanaojitokeza ni wengi mno, na baada ya kuchaguliwa hao wachache wengine wote hurudi nyumbani na vyeti vyao ndani ya bahasha.

Huenda mtu akatujibu ya kwamba mashine zinakuja na zitaondoa mafundi wote, kama zilivyowapunguza Wamarekani. Ni kweli mashine hupunguza watu katika kiwanda kikubwa. Lakini mashine nayo huundwa, husimikwa, hutiwa mafuta na hutengenezwa iharibikapo, na kazi hizo hazifanywi na mtu aliyeepuka karakana maisha yake yote. Tena mahitaji ya kwetu hayajatimizwa bado. Watu wanaolala juu ya vitanda vibovu, watoto wanaobanana katika dawati moja, nyumba zisizo na madirisha, hizo zote ni kazi zinazomngoja fundi.

Mwingine atasema ya kuwa kazi ya fundi wa kijijini ni mbaya, haina umaridadi. Iko iliyo mbaya, hatukatai. Lakini fundi hujifunza kwa kuunda, na hawezi kuunda asiponunuliwa. Kumbukeni kampeni ya madawati ya mwaka 2016. Maseremala waliitwa kila mahali, wakafanya kazi usiku na mchana, na watoto waliokuwa wakikaa chini wakapata pa kuketi. Kumbukeni tena madarasa 15,000 yaliyojengwa kwa fedha za Uviko kati ya 2021 na 2022, ambayo mengi yalijengwa na mafundi wa mahali penyewe. Ilipotakikana, mikono ilionekana. Kazi ilipokwisha, maseremala walifunga zana zao wakarudi shambani, kwa kuwa hakuna aliyeandika majina yao wala aliyewapangia kazi ya mwaka uliofuata. Ufundi haustawi kwa kampeni, hustawi kwa kazi ya kila mwezi.

Mwingine atasema hakuna nguvu ya kuendeshea mashine. Neno hilo lilikuwa kweli zamani, sasa linachakaa. Maporomoko ya Rusumo, katika mto Kagera mpakani mwetu na Rwanda, yametiwa mitambo ya megawati 80, nayo hugawanywa sawasawa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Umeme unaotoka katika maji yanayopita kwetu usiishie kuwasha taa na kuchaji simu peke yake. Uendeshe misumeno, uendeshe mashine za kukoboa, uendeshe tanuri.

Wazazi wetu twawaomba wamsifu mtoto aliyeunda kitu kama wamsifuvyo aliyefaulu mtihani, wala wasimtishe kwa kumwambia, "Usiposoma utakuwa fundi." Halmashauri twazitaka zinunue milango, madawati na sare kwa mafundi wa wilaya kwanza, zikitoa kipimo kilicho wazi, na kukataa kazi mbovu bila kumfukuza mfanya kazi. Mafundi nao twawataka wasimfiche mwanagenzi siri ya kazi. Fundi afichaye ujuzi hujiandalia kusahauliwa.

Na serikali za vijiji twazitaka zianze jambo moja lisilongoja amri ya mjini. Mkutano wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Katika mkutano ujao na isomwe orodha ya watu wote wa kijiji wanaounda kitu cha kuuza: mshonaji, seremala, mchoma tofali, mchomeleaji, mfumaji, msaga unga, mkaanga kahawa, wanaume kwa wanawake. Iandikwe wamefanya kazi miezi mingapi, na wana wanagenzi wangapi. Mkutano unaofuata isomwe tena, ijulikane kama wameongezeka au wamepungua. Hesabu hiyo haitaki fedha za mfadhili. Yataka daftari moja, kalamu moja, na mwandishi asiyeona haya kuingia katika karakana yenye vumbi.